Maswali ya Wasomaji: Trekta Dogo Jipya Linasumbua Kabla ya Saa 50

Barua za toleo hili zimetoka Magu, Misungwi, Sengerema, Buchosa, Kwimba, Ukerewe na Ilemela, na karibu zote zinahusu jambo moja: trekta dogo la HP (nguvu za farasi) 20 hadi 35, limetoka dukani juzi, mita ya saa za kazi haijafika saa 50, na tayari mwenye mali hana raha. Tunawaelewa. Hizo ni pesa za misimu kadhaa ya jasho. Lakini kabla hujamruhusu mtu afungue injini, fahamu kwamba trekta jipya mara chache huwa bovu ndani. Kinachosumbua saa za mwanzo ni upepo kwenye dizeli, uchafu uliobaki tangu kiwandani, nati zilizolegea na waya uliobanwa vibaya. Karibu vyote unaweza kuvikagua ukiwa na spana chache, mita ya umeme na chupa safi ya plastiki.

Linalima nusu saa, linazima, likipumzika linawaka

*Mwangaluka mafundi. Nina trekta la HP 25, silinda 3, lina saa 18 tu. Asubuhi linawaka bila shida. Nikishalima kama dakika 25 nguvu zinapungua, mlio unashuka, mwisho linazima. Nikikaa robo saa linawaka kama halikuwa na kitu. Fundi wa hapa kwetu anasema pampu ya nozeli imekufa na anataka kuifungua. Nimruhusu? (Mkulima, Magu)*

Mwangaluka, ndugu yetu. Usimruhusu. Ni kweli pampu ya nozeli iliyochakaa huweza kusumbua ikipata moto, lakini uchakavu wa namna hiyo hauji kwa saa 18. Isitoshe, pampu ile ina lakiri ya kiwanda. Ikikatwa tu, dhamana imekwenda.

Umetusaidia sana kusema kwamba nguvu zinapungua taratibu. Injini inayozima ghafla, kama vile mtu amezima ufunguo, tunaitafutia umeme: waya wa solenoidi ya kuzimia (kifaa cha umeme kinachokata dizeli) umelegea au fyuzi haijakaa sawasawa. Inayofifia polepole inakosa dizeli. Injini ya HP 25 ikilima kwa nguvu zote hunywa takriban lita 6 kwa saa, yaani lita 1 kila dakika 10. Ikiwa njia ya mafuta inapitisha kidogo kuliko hapo, trekta litatembea barabarani vizuri kabisa, lakini ukiliingiza kwenye udongo mzito linakata pumzi.

Anza na kifuniko cha tanki. Kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa badala ya dizeli inayotoka. Kwenye mashine mpya kitundu hicho huzibwa na rangi, vumbi la safarini au kipande cha nailoni ya kufungashia. Lima mpaka nguvu zianze kupungua, kisha simama, acha injini ikiunguruma, na ufungue kifuniko taratibu. Ukisikia hewa ikivutwa kwenda ndani na nguvu zikarudi baada ya dakika moja hivi, tatizo umelipata. Osha kifuniko kwa dizeli na uzibue kitundu kwa waya mwembamba.

Kama haikusaidia, angalia mtiririko. Zima injini, funga koki ya tanki, chomoa mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye filta, uelekeze kwenye chupa, kisha fungua koki. Kama trekta lako linatumia pampu ndogo ya umeme, fungua ufunguo bila kupiga stata. Utaisikia ikigonga tiktiktik. Dizeli inapaswa kutoka mfululizo, bila kukatika, na kujaza nusu lita ndani ya dakika moja au chini yake. Iache itoke angalau lita 2 huku ukiitazama. Ikianza kwa nguvu kisha ikapungua, kuna kitu ndani ya tanki kinachovutwa mpaka kwenye tundu la kutokea: mabaki ya plastiki ya kutobolea tanki, kipande cha mpira, hata karatasi ya alumini iliyokuwa mdomoni mwa dumu la oili. Injini ikizima, mvuto unaisha, takataka inaelea pembeni, na ndiyo maana trekta linawaka tena baada ya kupumzika. Dawa ni kumwaga tanki lote, kulisuuza kwa dizeli safi na kusafisha chujio la mdomoni.

Kisha tazama kikombe cha filta. Maji hukaa chini na dizeli juu, na mstari kati yake unauona kwa macho. Huku ziwani, tanki linalolala nusu tupu hukusanya unyevu wa usiku, na madumu ya kituo kwa kituo yanaongeza mengine. Jaza tanki jioni baada ya kazi, usingoje asubuhi. Dizeli ya dumu iache itulie usiku mzima bila kuguswa, halafu nyonya ya juu na uache kama lita moja na nusu ya chini.

Ukishafungua njia ya mafuta lazima utoe upepo. Hakikisha tanki lina zaidi ya robo. Fungua koki, legeza bolti ndogo iliyo juu ya kichwa cha filta, acha dizeli itoke (au sukuma kipampu cha mkono) mpaka mapovu yaishe kabisa, kisha kaza. Rudia kwenye bolti ya kutolea upepo iliyo kwenye pampu ya nozeli. Piga stata kwa sekunde 10 tu, pumzika nusu dakika, piga tena. Ikigoma, legeza nusu mzunguko nati za mabomba mawili pale yanapoingia kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke bila povu, na ukaze. Mikono na uso vikae mbali: dizeli ya shinikizo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbilia hospitali. Injini za mfumo wa kisasa wa reli moja ya mafuta usizilegeze mabomba kabisa. Shinikizo lake ni kubwa mno. Hizo mwachie wakala.

Ufunguo unazungushwa, kimya

*Shikamooni wakubwa. Mimi ni dereva wa trekta la bosi wangu. Ukifungua ufunguo taa za dashibodi zinawaka, ila ukipeleka kwenye stata kimya kabisa. Siku nyingine linawaka mara moja. Rafiki amenionyesha kugusanisha bisibisi kwenye stata na linawaka. Ni sawa? (Dereva, Sengerema)*

Marahaba, kijana wetu. Si sawa hata kidogo, na tunakuomba uache kuanzia leo. Anayewasha kwa bisibisi amesimama chini, mbele ya tairi la nyuma. Gia ikiwa imeingia, trekta litaondoka na kumpanda kabla hajavuta mkono. Watu wamekufa kwa njia hii.

Kimya cha leo kipo kesho hakipo ni dalili ya swichi ya usalama. Trekta dogo huwa na tatu au nne: chini ya pedali ya klachi, kwenye mkono wa PTO (shafti ya nyuma inayozungusha zana), kwenye mkono wa gia au wa kwenda mbele na nyuma, na mara nyingine chini ya kiti. Zote zikae sawa ndipo umeme ufike stata. Ile ya klachi ndiyo msumbufu mkubwa kwenye mashine mpya. Imeshikwa na nati mbili, nati zinalegea kwa mtikisiko wa safari ya lori, swichi inasogea milimita chache na pedali haiibonyezi tena hadi mwisho.

Jaribu hivi: weka gia huru, zima PTO, vuta breki ya mkono. Kandamiza klachi hadi chini kabisa, shikilia ufunguo kwenye stata, mwenzako autikise mkono wa PTO na wa gia polepole. Ikiitikia, umejua ni swichi ipi. Kuisogeza na kukaza nati ni kazi ya spana mbili. Kuiunganisha moja kwa moja kwa waya ili isisumbue ni hatari ileile ya bisibisi, imefichwa tu.

Kama badala ya kimya unasikia "tik" moja, hapo ni suala la nguvu za umeme. Betri iliyotulia usiku mzima isome volti 12.6; chini ya 12.4 ipelekwe ikachajiwe. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka kidogo tu na stata bado ni mzito, weka mita kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini huku mwenzako akipiga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ardhi haugusi vizuri. Mara nyingi kiwanda kimepaka rangi pale unapofungwa. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu yake. Injini ikiwaka na kukimbia kiasi, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, angalia mkanda wa alteneta na soketi ya nyuma yake kabla ya kuihukumu.

Joto linapanda kwenye mbuga

*Trekta langu lina HP 28 na plau ya sahani 3. Kwenye luseni (udongo wa kichanga) halina neno. Nikiingia mbugani sindano ya joto inapanda hadi karibu na nyekundu na moshi unakuwa mweusi. Rejeta ina maji. Je, gasketi ya hedi imeungua? (Mzee wa Misungwi)*

Shikamoo mzee. Gasketi ikiungua, kwa kawaida maji hupungua bila kuvuja popote, mapovu hutoka rejetani injini ikiunguruma, au oili huwa kama maziwa. Kama huoni hata moja kati ya hayo, iache gasketi. Moshi mweusi pamoja na joto, tena mbugani tu, maana yake ni mzigo.

Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unashika sahani na kuzing'ang'ania. Sahani 3 kwa HP 28 kwenye udongo huo ni nyingi. Ondoa moja au punguza kina. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: HP zilizoandikwa kwenye bonneti hupimwa kwa hewa nzito ya mabondeni. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa hiyo HP 28 zako ni kama 25 zikiwa Misungwi. Tena saa 50 za mwanzo pistoni na ringi zinazoeana na silinda, msuguano ni mkubwa kuliko utakavyokuwa baadaye. Tumia gia ya chini, weka mizunguko juu kiasi, na mlio ukianza kulemewa shusha gia mara moja. Moshi mweusi mfululizo kwenye injini changa hauvumiliki.

Baada ya hapo angalia upoozaji wenyewe. Vuta wavu ulio mbele ya rejeta. Makapi ya nyasi na mabua huujaza kwa saa chache. Safisha mapezi kwa upepo wa kompresa kutoka upande wa injini kwenda mbele, siyo kinyume, la sivyo unayashindilia ndani. Mashine ya kuoshea magari yenye shinikizo kali hukunja mapezi, hivyo tumia mpira wa kawaida. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ushuke karibu milimita 10. Mkanda mpya hunyooka saa za mwanzo, ukilegea feni huteleza bila wewe kujua. Ukague ukifika saa 10 na tena saa 50.

Umesema rejeta ina maji. Maji matupu hayafai. Kwa mwinuko wetu maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 96, ila kifuniko cha rejeta chenye shinikizo la baa 0.9 husukuma kiwango hicho juu ya 110. Kwa hiyo mpira wa kifuniko ukiwa umekunjika au umepasuka, maji yatachemka mapema ingawa injini ni nzima. Mwaga yaliyomo, weka kulanti (dawa ya rejeta) na maji yaliyochujwa nusu kwa nusu. Maji ya kisima yana chumvi zinazoganda kwenye vijia vya injini. Ya ziwa hayana chumvi nyingi, lakini yana mwani na tope laini, nayo yaache. Na kifuniko kisiguswe injini ikiwa ya moto. Subiri mpaka uweze kuishika rejeta kwa kiganja.

Mikono ya kuinulia inatetemeka, oili imekuwa nyeupe

*Habari za kazi. Sisi ni kikundi cha akina mama tunaolima mpunga. Trekta letu lina saa 31, lilivuka kwa kivuko kutoka Kisorya na limefanya kazi kwenye majaluba. Sasa mikono ya nyuma inainua kwa kushtukashtuka, kuna mlio kama wa kulia chini ya kiti, na oili ya haidroliki imekuwa nyeupe. (Mwenyekiti, Ukerewe)*

Nzuri, mama. Lisimamisheni kwanza mpaka mjue weupe huo ni wa hewa au wa maji, maana tiba zake ni tofauti. Chukueni oili kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha, iacheni kivulini usiku mzima. Asubuhi ikiwa imerudi kuwa angavu, ilikuwa hewa. Ikibaki kama chai ya maziwa, au maji yakajitenga chini, maji yameingia. Kwa kuhakikisha zaidi, pasha kikaango kikavu, kiondoe motoni, dondosha matone mawili: oili yenye maji itachechemka na kupasukapasuka.

Ikiwa ni hewa, anzeni na kiwango. Egesheni pahali tambarare, shusheni mikono hadi chini, zimeni, subirini dakika tano ndipo mpime kwa kijiti. Ukipima mikono ikiwa juu utasoma pungufu, uongeze, kisha oili itafurika. Trekta lililofungwa kifaa cha kubebea mbele lina silinda za ziada zilizokunywa lita kadhaa, na mara nyingi aliyekifunga hakurudishia. Kiwango kikiwa sawa, kazeni klampu za bomba nene linalotoka gia boksi kwenda kwenye pampu. Klampu iliyolegea upande huo haivujishi tone hata moja. Inavuta hewa, na ndiyo sababu watu hawaioni. Mwisho fungueni filta ya kunyonyea. Saa za mwanzo hukusanya unga wa chuma na maganda ya rangi, na ikiziba pampu inalia njaa. Mlio huo mnaousikia ndio huo, na kila saa ya kazi katika hali hiyo inakula pampu.

Ikiwa ni maji, oili yote imwagwe, filta zibadilishwe, na mlango wa maji utafutwe: kipumulio cha gia boksi kilichozama, mpira wa mkono wa gia uliochanika, au kijiti cha kupimia ambacho hakikusukumwa hadi mwisho. Kwenye jaluba maji yasipite katikati ya kitovu cha gurudumu. Fungueni pia boli la kutolea maji chini ya nyumba ya klachi, kama lipo, muone kinachotoka. Oili irudishwe aina iliyoandikwa kwenye kitabu, ile ya pamoja ya gia, haidroliki na breki za ndani. Oili ya injini humo hairuhusiwi, breki zitapiga kelele na kuteleza.

Kama oili ni safi na mikono bado inacheza ikiwa imebeba jembe, sogezeni mkono wa kusikilizia udongo hadi mwisho wake mtumie ule wa kupangia urefu peke yake. Ikitulia, hakukuwa na ubovu.

Oili inavuja kwenye PTO

*Rotaveta (zana ya kusaga udongo) mpya, trekta jipya, saa 12. Oili inadondoka pale shafti inapotokea, na nikiinua rotaveta kuna mgongano mkubwa. (Kwimba)*

Shafti yako inayounganisha PTO na rotaveta ni ndefu mno. Huuzwa ndefu kwa makusudi ili mnunuzi aikate kulingana na trekta lake, na muuzaji wako amekufungia hivyohivyo. Ukiinua, mabomba mawili yanagota mwisho na kusukuma shafti ya PTO ndani ya gia boksi. Sili ndiyo imekwenda kwanza. Ukiendelea, bearingi itafuata.

Funga rotaveta bila shafti. Inua na ushushe polepole utafute pale ambapo umbali kati ya PTO na rotaveta ni mfupi kuliko pote, zima injini, weka kigingi chini ya rotaveta. Shikilia nusu mbili za shafti sambamba, moja imefungwa kwenye trekta na nyingine kwenye rotaveta, uweke alama. Kata ili kubaki nafasi ya milimita 25 hivi kabla ya kugota. Kila nusu ikatwe kiasi kilekile, bomba la chuma na kinga yake ya plastiki. Piga tupa kingo, futa unga wote, paka grisi. Kisha sogeza hadi pale umbali ni mrefu kuliko pote: mabomba yaingiane angalau theluthi ya urefu wake. Yakiingiana kidogo kuliko hapo yatachomoka kazini. Sili ibadilishwe baada ya kukata. Ukibadilisha kabla utanunua nyingine.

Na pini ya kukatika ikikatika usiweke msumari wala bolti ngumu. Ile imetengenezwa laini ili ife yenyewe badala ya gia boksi.

Oili ya injini inaongezeka

*Je, ni kawaida oili kupanda juu ya alama bila kuongeza? (Ilemela)*

Hapana. Zima na usiiwashe tena. Nusa kijiti: kikinuka dizeli, mafuta yanapita pampuni au kwenye nozeli inayomwaga, yakishuka kwenye oili. Oili nyembamba hivyo haishikilii bearingi za krenkishafti. Kikionyesha utelezi wa kijivu au maziwa, ni maji ya upoozaji. Vyote viwili ni vya dhamana, muite wakala aje hapo lilipo.

Nati za magurudumu

*Tumepoteza nati mbili za gurudumu la mbele na usukani unacheza barabarani. Lina saa 9. (Buchosa)*

Rangi iliyo chini ya nati mpya husagika, nati ikabaki na nafasi. Ndiyo maana hukazwa baada ya saa ya kwanza ya kazi, kisha kila siku hadi saa 10, kisha saa 50. Zikazwe kwa kupishana msalaba, bila grisi kwenye nyuzi. Kitabu ndicho kinachotawala, ila bolti ya milimita 16 ya daraja 8.8 huhitaji karibu Nm 200 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama hakuna spana ya kupimia, bomba la mita 1 kwenye spana na uzito wa kilo 20 mwishoni mwake huleta kiasi hicho. Kagua pia bolti zinazoshika rimu kwenye sahani ya gurudumu, wengi huzisahau. Ikiwa matundu ya gurudumu yameshapanuka na kuwa ya yai, usikaze ukaendelea, badilisha.

Kuhusu usukani: angalia upepo wa matairi, kwani mara nyingi hujazwa mwingi kwa ajili ya safari na hakuna aliyeupunguza. Na kama mlitoka nalo mjini kwa lami huku gia ya magurudumu manne imeingia, iondoeni. Matairi ya mbele huzunguka mbele kidogo ya yale ya nyuma. Kwenye tope hilo ni msaada, kwenye lami linakaza mfumo mzima na kumaliza tairi.

Saa 50 za mita au za ukutani?

*Muuzaji anataka nilipie sevisi ya saa 50. Oili bado inaonekana safi. Ni lazima? Na mbona mita yangu inaenda taratibu kuliko saa yangu ya mkononi? (Ilemela, wa pili)*

Ni lazima, na kati ya sevisi zote hii usiikose. Usafi wa rangi hauelezi kitu. Kinachofuatwa ni unga wa chuma uliotoka sehemu zilipokuwa zikizoeana. Mwaga oili ikiwa ya moto, badilisha filta, jaza oili ya daraja la kitabu, kwa kawaida 15W-40 ya dizeli. Filta ya haidroliki siku hiyohiyo, na oili ya ekseli ya mbele kama kitabu kinataka. Kabla hujatupa, mimina kiasi kwenye kitambaa cheupe ukitazame juani. Mng'ao mwembamba usioushika kwa kidole ni wa kawaida, na utando wa kijivu kwenye sumaku ya boli nao pia. Vipande unavyovihisi kidoleni si vya kawaida, vihifadhi umwonyeshe wakala.

Mita za kimakanika huhesabu mizunguko ya injini: saa 1 ya mita ni saa 1 ya kazi kwa mizunguko iliyokusudiwa, hivyo ukiendesha taratibu inachelewa. Baadhi ya zile za umeme huhesabu wakati ufunguo uko wazi, hata injini ikiwa imezima. Kwa dhamana, mita ndiyo inayohesabiwa.

Usiiache injini mpya ikiunguruma bure saa nzima ukidhani unaizoesha. Ringi hukaa kwa mzigo wa kati unaobadilikabadilika. Bila mzigo, kuta za silinda hulainika na kung'aa, na injini itakunywa oili maisha yake yote.

Wakala anasema ni kosa la dereva

*Tumepeleka malalamiko mara mbili, tunajibiwa kwamba dereva hajui kazi. Tufanyeje? (Kikundi, Magu)*

Acheni kulalamika kwa simu, andikeni. Barua moja: namba ya chesisi na ya injini, tarehe ya kukabidhiwa, saa za mita tatizo lilipoanza, dalili, na mlichokwisha kukagua kwa vipimo (volti kadhaa, mtiririko wa dizeli kadhaa kwa dakika). Ambatanisheni risiti za oili na filta, na video fupi ya tatizo likitokea. Dai la "dereva hajui" hudhoofika mbele ya vipimo. Ombeni fomu ya ukaguzi uliofanyika kabla ya kukabidhiwa. Trekta lilipaswa kukaguliwa nati, oili, matairi na swichi, na mtu akasaini. Nakala mpeeni ofisa zana za kilimo wa halmashauri, naye aje alione likifanya kazi shambani. Siku ya kulipeleka kwa wakala pigeni picha ya mita getini kabla ya kukabidhi ufunguo, kwa sababu watalijaribu na saa zitaongezeka.